Mwaka Nilioshika Kamba

Wiki iliyopita tulimzika Saidi kule Tingi, na tangu nirudi Lindi mikono yangu haitulii. Nikikaa barazani najikuta nimeshika ncha ya kanga, naivuta kidogo, nailegeza, nasubiri, naivuta tena. Jana mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, unavuta nini?" Nikamwambia nanyoosha kitambaa. Ningemwambia nini? Kwamba ujanani kazi yangu ilikuwa kushika kamba, na mwisho wa kamba ile, chini ya maji ya Kilwa, alikuwapo mtu? Wajukuu wangu wamezoea bibi anayeogopa radi, anayepiga simu mara tatu kama mtu hajafika Mchinga kwa wakati. Wananicheka, nami nawaacha wacheke. Hawajui kwamba woga huu sikuzaliwa nao. Nilifundishwa, tena kwa kanuni zilizoandikwa, na aliyezipiga chapa kanuni hizo ni mimi mwenyewe.

Ulikuwa mwaka ule watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, na redio ilikuwa ikihimiza kujitegemea kutoka asubuhi mpaka jioni. Serikali ilitaka kujua miamba ya Kilwa imeharibika kiasi gani, maana wavuvi wengine walikuwa wakirusha baruti majini, samaki wanaelea, watu wanashangilia, na matumbawe wanamozaliana samaki yanabaki kifusi. Ili kulijua hilo ilibidi mtu ashuke akayatazame kwa macho yake. Basi ikaletwa mitungi ya hewa, miwani ya maji, mapezi ya kuvaa miguuni, na mashine ya kujazia mitungi iliyokuwa ikinguruma mpaka kuku wa mtaa mzima wakakosa raha. Mimi nililetwa kama mpiga chapa. Mkuu wetu alikuwa Bwana Nandonde, Mmakonde wa Newala, Mkristo, aliyesomea viumbe vya baharini ng'ambo na kurudi na koti moja zuri na hasira nyingi. Kanuni za uzamiaji alikuja nazo kwa Kiingereza, akakataa katakata tuzitumie hivyo hivyo. "Mtu maji yakimkaba hafikiri kwa Kizungu," alisema. Kwa hiyo tulikaa mezani jioni nyingi tukizigeuza kwa Kiswahili, yeye anasoma, Saidi anabisha, mimi nagonga mashine. Hakuna kuzama peke yako. Mwenye mafua asizame. Anayepanda asizuie pumzi. Wazamiaji wakiwa chini, mwenye kamba ndiye mkuu wa boti, akisema warudi, wanarudi.

Saidi ndiye aliyekuwa anafundishwa. Alikuwa kijana wa Kilwa Kivinje, amenizidi umri kidogo, mrefu, mwenye tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema kinachomchekesha. Alizijua kanuni zote na kila moja alikuwa na swali nayo. Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo alidhani chini ya bahari kuna giza tu, na siku ya kwanza aliposhuka na mtungi akakuta mwanga, alikasirika. "Nilikasirika kwamba hakuna aliyeniambia," alisema. Akishatoka majini aliweza kuhadithia mpaka chakula kinapoa. Bwana Nandonde alikuwa akizama karibu naye, na mimi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine na kwa kuwa nilizijua kanuni kwa moyo, nikapewa kamba. Ilifungwa kiunoni mwa Saidi. Nikivuta mara moja, nauliza, uko salama? Naye akivuta mara moja, ananijibu, salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, napanda. Akivuta mfululizo, nivuteni.

Siwezi kueleza vizuri kazi ile inamfanyaje mtu. Unakaa kwenye boti, jua linakuchoma, Kombo mwendesha boti anapiga miluzi, na wewe huruhusiwi kuzungumza, huruhusiwi kula, macho na vidole vyako viko kwenye kamba. Unauliza. Unasubiri. Kati ya swali na jibu ndipo nilipozeekea. Pengine Saidi alikuwa ameona kitu akachelewa kujibu, na mimi huko juu naanza kupanga maneno nitakayomwambia mama yake. Kisha kamba inatikisika mara moja, taratibu, kama mtu anayekohoa chumba cha pili, nami napumua. Akipanda alikuwa akinicheka. "Somoe, nilikuwa natazama pweza. Ulitaka nimwambie angoje nimjibu dada?" Nilikuwa namtukana, anazidi kucheka. Usiku nikilala niliisikia kamba viganjani.

Tulikaa kwa Bi Fatu, Kilwa Masoko, nyumba ya vyumba vinne na ua. Chumba kimoja kilikuwa cha mitungi, na mle hakuna aliyeruhusiwa kuingia na moto wala mafuta. Bi Fatu, nyumba ikiwa yake mwenyewe, aliliona jambo hilo kuwa ni kukosewa adabu. Alikuwa mjane mnene, mpole, mwenye kutupikia mchuzi wa changu wa nazi na mihogo, na kila tulipotoka alitusomea dua mlangoni. Mazungumzo yake na jirani yake uani niliyasikia yote kupitia dirisha la chumba changu. "Yule Mmakonde atawazamisha watoto wa watu," jirani alisema siku moja. Bi Fatu akamjibu, "Anawafunga kamba, mwenzangu. Mtu akikufunga kamba anakupenda."

Kisha Ramadhani ikaingia, na ikaingia wakati bahari imetulia, maji yakiwa safi kuliko mwezi wowote. Mwisho wa mwezi angekuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam kumpima Saidi ampe cheti, na kabla ya hapo Saidi alitakiwa amalize kuzama kwenye kina kirefu nje ya Songo Mnara. Baada ya hapo mashine ya kujazia mitungi ingepelekwa kwingine. Na katika kanuni zetu kulikuwa na moja fupi: aliyefunga asizame. Bwana Nandonde hakuiweka kwa ubaya. Alisema mwili uliokauka maji unakakamaa misuli na damu yake haiko tayari kwa kina. Alituita mezani akasema, "Somoe, wewe funga, kazi yako iko juu. Saidi, uamuzi ni wako. Ukifunga, hutashuka majini, na cheti tutakitafuta mwakani, kama mwakani ipo." Saidi alitazama meza. Akasema, "Sifungi, bwana." Niliona haya kwa niaba yake. Nilikuwa msichana mwenye msimamo mkali juu ya watu wengine, na kuanzia siku ile nikawa namjibu kwa mkato.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa kwa sababu ndipo yalipotokea. Saidi hakuacha kufunga hata siku moja. Alikwenda kwa Maalim Bakari, mwalimu wa chuo aliyemsomesha Kurani, akamuuliza swali dogo: hewa ya mtungi inavunja saumu? Maalim akafikiri, akasema hewa ni hewa, haina kosa. Lakini akamkumbusha jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua, kwamba mwezi wa Ramadhani watu hawapigi mbizi, kwa sababu katika madhehebu yetu maji yakiingia sikioni, saumu imevunjika. Saidi akashukuru, akaondoka, na hakuuliza zaidi. Maalim hakujua kwamba kuna kanuni mezani kwetu. Na katika kanuni zetu zote hatukuandika jambo moja, kwa kuwa Bwana Nandonde hakuwaza kwamba kuna mtu anayeweza kulifanya: mzamiaji asizibe masikio. Saidi alichukua pamba, akaikanda na nta ya nyuki, akaziba.

Sahani yake ya mchana aliipeleka chumbani. Alisema anaona aibu kula mbele ya waliofunga, na ilikuwa sababu nzuri, kwa sababu hata Bwana Nandonde, ambaye dini yake ilimruhusu, alikuwa akila ndani ya stoo mlango umefungwa ili harufu isitufikie. Kuku wa Bi Fatu walinenepa mwezi ule. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani yake, "Yule mtoto, Mungu atamlipa," na jirani akamuuliza mtoto gani, Bi Fatu akabadilisha mazungumzo. Nilidhani ananisifu mimi.

Majini alianza kwa kina kifupi, na pamba ikavumilia. Lakini alikuwa akipanda na kichwa kinamuuma, uso umemkunjamana, hahadithii tena alichoona. Nilianza kuogopa kwa namna mpya. Nilimwambia Bwana Nandonde, "Saidi hacheki." Akanijibu kwamba kucheka hakumo kwenye kanuni, ila nilimwona siku ile anamkagua vifaa vyake mara mbili.

Asubuhi waliyoshuka nje ya Songo Mnara bahari ilikuwa kama sahani. Kombo alikuwa amefunga, mimi nimefunga. Saidi alivuta kofia yake ya mpira hadi chini ya masikio, akaniangalia kidogo, akajiangusha kinyumenyume. Bwana Nandonde akafuata. Kamba ikaanza kupita viganjani mwangu. Nikauliza. Akajibu. Kamba ikapita tena, ndefu kuliko siku zote. Nikauliza. Akajibu, lakini jibu lilikuwa fupi, la mtu anayetaka aachwe. Kisha kamba ikasimama. Kisha, badala ya kwenda chini, ikaanza kwenda upande, ikazunguka chini ya boti na kurudi upande wa pili. Nikauliza. Kimya. Nikauliza tena. Kamba ikaanza kutapatapa, si mara moja wala mbili wala tatu, haisemi neno lolote tulilokubaliana.

"Mvute, dada!" Kombo alipiga kelele. "Mvute upesi!"

Hapo ndipo nilipoichukia kazi yangu. Mwili wote ulitaka kumvuta kwa nguvu zote, na kichwani nilikuwa naziona herufi nilizozigonga mwenyewe: anayepandishwa apandishwe polepole, hewa iliyo kifuani inatanuka, mapafu yanapasuka. Nikavuta taratibu. Nilivuta kama mtu anayevuta ndoo ya kisima iliyojaa maziwa. Kombo alikuja kunipokonya kamba, nikamwambia, "Mimi ndiye mkuu wa boti," kwa sauti ambayo sikuijua, akarudi nyuma. Nilikuwa nalia na kuvuta, nalia na kuvuta, na sikujua kama ninayemvuta yu hai.

Walitokeza pamoja. Bwana Nandonde alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, mkono mmoja umeshikilia mdomo wa hewa usimtoke. Tukampandisha. Damu ilikuwa ndani ya miwani yake. Alipolazwa alitapika, na hakikutoka kitu ila nyongo ya manjano. Bwana Nandonde alikitazama kile kilichotapikwa, akaelewa kwamba tumbo lile halikuwa na chakula. Akamvua kofia. Sikio la kushoto lilikuwa linavuja damu, na ndani yake akaona weupe, akauchomoa kwa kucha. Aliishika ile pamba kiganjani kwa muda mrefu.

Saidi alikuwa amefumba macho, kwani kila alipoyafumbua aliona dunia inazunguka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Somoe. Maji yameingia?"

Sikumwelewa. "Yameingia wapi, kaka?"

"Sikioni. Yameingia?"

Nilitazama damu na maji vinavyochuruzika shingoni. "Yameingia, Kaka Saidi."

"Basi saumu yangu imekwenda," alisema, na akaanza kulia kama mtoto. Hapo ndipo nilipojua kila kitu, na aibu niliyoiona kwa niaba yake mezani ikanirudia mwenyewe.

Hospitalini walieleza kwa maneno rahisi. Pamba ilifungia hewa kidogo kwenye tundu la sikio, kina kikaisukuma ngoma ya sikio kutoka ndani, ikapasuka. Pamba iliposogea, maji baridi yakaingia ndani kabisa, penye kumfanya mtu ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Ndiyo maana alizunguka. Kuona angeona, kutembea angetembea, lakini sikio la kushoto halingesikia tena, na kuzama, daktari alisema, asahau.

Mkaguzi alipokuja hakukuwa na wa kumpima. Tulikaa barazani kwa Bi Fatu, Saidi ameegemea ukuta, kichwa kimefungwa bendeji. Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu, amevaa suti ya Kaunda, hakupandisha sauti.

"Kijana, kwa nini hukusema kwamba umefunga?"

"Mngeniambia nichague, mheshimiwa."

"Na ungechagua nini?"

Saidi aligusa bendeji. Kisha akasema, "Ndiyo maana sikusema."

Mkaguzi akaandika. Akasema pengine ingekuwa busara, ili kuepusha usumbufu, wazamiaji wa mradi wachukuliwe miongoni mwa wale wasiofunga. Alisema kwa upole sana. Moyo wangu ulishuka, maana niliona kazi yote ya pwani ile ikitolewa kwa watu wasio wa pwani, na sababu ikiwa ni sisi. Bwana Nandonde akainuka. Nilidhani ataondoka. Akamwomba mkaguzi asubiri mpaka kesho, akavaa koti lake zuri mchana wa jua kali, akaniambia nimwoneshe kwa Maalim Bakari.

Maalim alikuwa ameshasikia. Macho yake yalikuwa mekundu. Bwana Nandonde alimwamkia kwa shikamoo, akaketi mkekani, koti na yote, akamweleza habari ya sikio: kwa nini mzamiaji lazima aliache wazi, na nini kinatokea akiliziba. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hukuja naye siku ile, mwanangu?"

"Sikujua kuna swali, Maalim."

"Na mimi sikujua kuna kina," alisema Maalim. "Aliniuliza hewa. Nilimjibu hewa." Mimi nilikuwa mlangoni nalia kimya kimya, nimechoka kulia mwezi ule. Maalim ndiye aliyesema hatimaye, "Mitungi yenu hiyo, inaharibika ikipumzika mwezi mmoja?"

Haiharibiki. Kesho yake niligonga kanuni mbili mpya, ya masikio na ya mwezi wa Ramadhani, mitungi ipumzike na wote wafanye kazi za nchi kavu, wafungao na wasiofunga. Mkaguzi alizisoma, akakunja uso, akatia saini. Na kabla hajaondoka aliuliza nani sasa atafundishwa, kwa kuwa mtungi wa pili hauna mtu. Bwana Nandonde akanielekezea kidevu. Sikuwa nimeulizwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kwa Saidi, kwao Kilwa Kivinje, baada ya Idi. Alikuwa akilipa saumu yake ile moja, midomo imemkauka, amekaa kwenye kitanda cha kamba ndani ya chumba chenye harufu ya dawa ya sikio. Nilikaa upande wa kulia ili anisikie. Nilimwambia wanataka nishuke badala yake, na nimekuja kumwomba ruhusa, na akisema hapana nitarudi Lindi kugonga mashine. Alivuta uzi wa mkeka uliotandikwa kitandani.

"Nenda," alisema. "Wewe unaogopa, utadumu. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usinihadithie. Tukikutana tuzungumze habari za korosho, habari za watoto, lolote. Ulichokiona kule chini usiniambie."

Nikamwahidi. Nilishuka mara ya kwanza kabla upepo haujabadilika, Kombo ameshika kamba, Bwana Nandonde pembeni yangu. Nilidumu katika kazi ile miaka mingi, mpaka magoti yaliponikatalia. Saidi alihamia Tingi na kijiji cha ujamaa, akapanda mikorosho, akaoa, akazaa. Kila nilipopita Nangurukuru nilishuka basi kwenda kumsalimu. Tulizungumza habari za korosho. Ahadi niliitunza, ingawa mara nyingine nilirudi kutoka majini nimejaa mambo mpaka kooni, na mtu pekee ambaye angeyafurahia ni yule niliyekatazwa kumwambia. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Mwaka huu, kabla ya masika, nilimkuta amelala, amekonda, binti yake anampepea. Akamtuma binti akatuletee uji. Tulipobaki wawili akageuza kichwa juu ya mto, akanielekezea sikio la kulia.

"Haya, Somoe. Sema sasa."

"Niseme nini?"

"Siku ya kwanza uliyoshuka. Nje ya Songo Mnara, pale nilipopita mimi bila kuona. Miaka yote hii najiuliza uliona nini. Nilikuonea wivu mpaka nikawa naota."

Nilimtazama. Ningeweza kumpa ukuta wa matumbawe, kasa, mwanga unaoshuka. Niliviona vyote hivyo baadaye, siku nyingine, mahali pengine. Lakini siku ile?

"Kaka," nilimwambia, "siku ile sikuona kitu. Niliogopa mno. Nilitazama saa, na kipimo cha hewa, na kamba. Nimeshuka na kupanda sijaona hata samaki mmoja."

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuwahi mbele ya maneno, akacheka mpaka akakohoa, nikamwinua kichwa nikampa maji. Alipopata pumzi alinishika mkono.

"Basi rudi," alisema. "Rudi ukaangalie vizuri, halafu uje unihadithie."

"Kwa magoti haya?"

"Majini magoti hayana uzito. Wewe mwenyewe unajua."

Nikamwambia nitakwenda bahari ikitulia. Sikumdanganya. Siku ile ile, nikirudi, nilipita Masoko nikaulizia boti.